Makaa ya Mawe: Mwongozo Kamili wa Kupima Ubora, Ukomavu na Uwezo Wake wa Kuzaa Mafuta na Gesi

Tangu mwaka uanze nimeletewa ripoti nane za makaa ya mawe hapa Mombasa. Baadhi ni za wanafunzi wa jiolojia walio kwenye mafunzo ya kazi, nyingine za madalali wa mizigo ya Kilindini. Sita zimeanguka mahali pamoja: mwandishi kaona majivu machache, kaandika makaa "yamekomaa", kisha kwa kuwa yamekomaa, kaandika "yana mafuta".

Hayo ni maswali matatu, na kila moja lina kipimo chake. Ubora: ukichoma kilo moja unapata joto kiasi gani, na unabaki na taka kiasi gani? Ukomavu: ile mimea iliyofukiwa zamani imepikwa na joto la ardhini hadi wapi? Uwezo: katika kupikwa huko ina mafuta ya kutoa, ina gesi tu, au imeshamaliza kila kitu? Makaa yanaweza kuwa na majivu asilimia 5 nayo ni mabichi kabisa. Yanaweza kukomaa mpaka yakawa antrasiti, makaa yaliyokomaa kupita yote, na tone la mafuta usilipate.

Nasema makaa ya mawe, si yale ya gunia ya kuchomea mahamri. Wapo walionipigia simu kuuliza bei ya debe.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Turubai safi, sepetu, nyundo, na ndoo za rangi zilizooshwa zenye mfuniko wa kubana
- Mizani ya jikoni ya dijitali, uzi, na kigae cha bafuni (utatumia upande wa nyuma usiong'aa)
- Soda kali ya dukani, chombo cha kioo, glavu na miwani ya kazi
- Chekeche za milimita 3 na mikroni 212, na kinu cha kusagia
- Mizani ya maabara inayosoma hadi gramu 0.0001
- Oveni ya 105 °C, tanuri linalofika 950 °C, vikombe vya kauri vyenye mifuniko, na desiketa (chombo cha kupoozea sampuli bila kunyonya unyevu wa hewa)
- Bajeti ya maabara ya nje kwa vipimo vya hatua ya 6, 7 na 8

Ukikosa tanuri, hatua tatu za kwanza bado unaziweza, na ndizo zinazookoa pesa nyingi.

## Hatua ya 1: Chukua sampuli kama mtu asiyeliamini lundo

Lundo la makaa ni jambo la hila. Yakimwagwa, mabonge hubiringika hadi chini pembeni na vumbi hubaki katikati. Vumbi na mabonge havina majivu sawa. Anayechota pale mkono unapofika ameshachagua jibu bila kujua.

Afadhali uchukue wakati mzigo unatembea, yaani kwenye mkanda au lori linapopakua, sepetu moja kila baada ya muda uliopangwa. Kama lundo limeshakaa, gawa uso wake katika sehemu, chimba angalau sentimita 30 kwenda ndani, kisha chota sepetu iliyojaa juu, katikati na chini kila upande. Sepetu ishirini ndogo zina faida kuliko gunia moja kubwa kutoka sehemu moja.

Ukiwa kwenye mwamba, kwa mfano ukienda bonde la Mui kule Kitui, chonga mfereji wa upana mmoja kutoka juu ya tabaka la makaa hadi chini yake, na uandike unene wa kila ukanda. Kwanza fukua uondoe sehemu iliyooza kwa jua na mvua. Makaa yaliyokaa hewani hupoteza joto na haidrojeni na huongeza oksijeni, kwa hiyo yatadanganya vipimo vyote vitatu.

Weka ndoo mbili: moja ya unyevu, nyingine ya kazi nyingine zote. Ya unyevu ijazwe, ifungwe papo hapo, ipimwe uzito, iwekwe kivulini. Mwaka wangu wa kwanza niliziacha ndoo nyuma ya pikapu tangu saa nne asubuhi hadi alasiri, mfuniko mmoja haukubana. Maabara ikatoa unyevu pungufu kwa asilimia tatu hivi, mnunuzi akalipia maji kwa bei ya makaa. Ile ndoo bado ninayo, natilia saruji.

Tahadhari. Usishuke kwenye ngama ya meli ya makaa kabla hewa haijapimwa na mhusika. Makaa hunywa oksijeni na hutoa methani, na ngama iliyofungwa kwa siku nyingi huua mtu bila harufu wala moshi. Lundo nalo likitoa mvuke asubuhi, au ukisikia harufu kama ya mafuta ya taa, linajipasha moto ndani. Usilipande.

Umefaulu ikiwa una kilo za kutosha, lebo ndani na nje ya ndoo, na picha ya mahali pa kila sepetu.

## Hatua ya 2: Vipimo vya mkononi

Kigae. Sugua kipande kwenye mgongo wa kigae. Mstari wa kahawia unaashiria ligniti (makaa machanga kuliko yote) au makaa mengine machanga. Mweusi au mweusi-kahawia ni bituminasi, makaa ya ukomavu wa kati. Antrasiti huandika nyeusi na haichafui vidole sana.

Uzito kwa ujazo. Pima kipande hewani. Weka bakuli la maji juu ya mizani, ifanye isome sifuri, kisha kizamishe kipande kikining'inia kwa uzi bila kugusa bakuli. Gawa uzito wa hewani kwa namba inayosomeka. Kipande cha gramu 130 kikisoma 96, jibu ni 1.35, na hayo ni makaa. Mengi huangukia kati ya 1.3 na 1.5, antrasiti hupanda kidogo. Ukipata 2 na kuendelea, umeshika mwamba wa tope wenye kaboni.

Hapa ndipo wengi wa Pwani hutiwa changa la macho. Barabara ya Nairobi inakatiza miamba ya Taru na Maji ya Chumvi, ambako mna mwambatope mweusi unaopasuka kama kurasa za kitabu. Ni mweusi, ni mzuri kwa macho, na ukiutia motoni unabaki vile vile ulivyoingia.

Soda kali. Yeyusha gramu 4 za soda katika mililita 100 za maji, tia gramu 1 ya unga wa makaa, chemsha kwa dakika chache, chuja. Maji yakitoka kama chai ya rangi, makaa ni machanga au yameoza kwa hewa. Yakitoka meupe, ni bituminasi ambayo bado iko hai. Ukishajua kutoka kwenye kigae kwamba si ligniti, rangi ya chai inakuambia urudi ukachukue sampuli nyingine. Tumia kioo, soda kali hula alumini, na sufuria ya mama itatoboka. Miwani usivue.

## Hatua ya 3: Punguza, kisha saga

Ponda hadi yapite chekeche ya milimita 3. Yamwage katikati ya turubai yafanye kichuguu, kibonyeze kiwe kama chapati nene, kigawe robo nne. Tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia. Fagia vumbi la robo unazozitunza liingie pamoja nazo. Vumbi hilo ni sampuli.

Panga unga uwe aina mbili. Uliopita mikroni 212 ni wa tanuri na wa kupima joto. Punje zisizozidi milimita 1, zisizokuwa vumbi tupu, ni za darubini. Anayesaga vyote viwe poda huua kipimo cha darubini kabla hakijaanza, maana hakuna uso wa kutosha kuakisi mwanga.

## Hatua ya 4: Unyevu, majivu na gesi

Unyevu. Gramu moja, 105 hadi 110 °C, saa moja, kisha desiketa, kisha mizani. Hewa ya nitrojeni ndiyo sahihi kwa makaa machanga, kwa sababu hunywa oksijeni yakipashwa na uzito hupanda badala ya kushuka.

Kabla ya hapo unga hutandazwa upoe na kulingana na hewa ya chumba. Hewa ya chumba cha Mombasa masika si hewa ya Nairobi. Makaa yale yale, yakikaushwa hewani huku na kule, yatabaki na maji tofauti, kwa hiyo majivu na gesi "za hewani" zitatofautiana bila mtu kukosea. Nimeshuhudia maabara mbili zikikaribia kupelekana mahakamani kwa jambo hili. Dawa yake iko hatua ya 5.

Majivu. Gramu moja kwenye kikombe wazi. Tanuri lianze baridi, lifike 500 °C kwa muda wa saa moja, kisha lipande hadi 815 °C na likae saa moja au zaidi mpaka uzito usibadilike. Wenye haraka huingiza kikombe kwenye tanuri lililokwisha iva. Sababu ya kwenda polepole ni hii: salfa ya pairiti (madini ya chuma na salfa) inapaswa kutoka na kuondoka kabla chokaa haijaanza kuvunjika. Zikikutana, chokaa huikamata salfa, nayo hubaki kwenye kikombe na kuhesabiwa kama majivu.

Gesi, au VM kama ripoti zinavyoandika. Gramu moja, kikombe chenye mfuniko unaokaa barabara, 900 °C kwa dakika 7 kamili kwa kanuni ya ISO, ya kimataifa. Kanuni ya ASTM, ya Marekani, inatumia 950 °C, basi andika umetumia ipi. Uzito uliopotea, ukitoa unyevu, ndio VM. Mfuniko ukiwa na mwanya, hewa huingia na unaanza kuchoma kaboni yenyewe.

Kinachobaki ukitoa unyevu, majivu na VM kwenye 100 ni kaboni baki. Hakipimwi, huhesabiwa tu, kwa hiyo kila kosa la vile vitatu hulala humo.

Kabla ya kuosha kikombe cha VM, kitazame. Watu hukikung'uta kwenye taka wakati kina habari. Kama ndani mna unga ule ule uliolegea, makaa hayo ni machanga sana, au yamekomaa sana, au yameoza, au yamejaa inertiniti (chembe za mimea iliyoungua au kuoza zamani; tutaiona hatua ya 7). Kama punje zimeyeyuka zikashikana, zikaumuka zikawa kifungo chepesi cha rangi ya fedha chenye matundu kama andazi lililokatwa, umeshika bituminasi inayonata, ya kufanyia koki, ile ya tanuri za chuma. Kwa kipimo rasmi cha kuumuka joto huwa 820 °C, lakini hata kifungo cha bahati kinakuambia upande gani wa kuelekea.

## Hatua ya 5: Sema namba ni ya msingi upi

Namba isiyotaja msingi isitiliwe sahihi. Misingi ni minne: kama yalivyofika, yaliyokaushwa hewani, makavu, na makavu yasiyo na majivu. Wa mwisho ndio wa kulinganishia ukomavu, kwa kuwa unaondoa maji ya Mombasa na udongo wa mgodini.

Mfano, yaliyokaushwa hewani: unyevu 4, majivu 16, VM 24, kaboni baki 56. Toa unyevu na majivu kwenye 100, unapata 80. VM kavu isiyo na majivu ni 24 ÷ 80 × 100, sawa na asilimia 30.

Hiyo 30 kwenye jedwali la kawaida la vitabu inakaa karibu na mpaka wa asilimia 31, unaotenga bituminasi ya gesi nyingi na ile ya gesi ya wastani. Mwanafunzi atahitimisha hapo kwamba makaa yamefika mbali. Subiri hatua ya 7.

Makaa yakiwa na kaboneti nyingi (madini ya jamii ya chokaa), dioksidi kaboni yake nayo hutoka ikahesabiwa kama VM. Makaa ya majivu zaidi ya 20 usiyahukumu ukomavu kwa VM.

## Hatua ya 6: Joto na salfa

Kipimo cha joto hufanywa ndani ya kalorimita, gramu moja ikichomwa kwenye oksijeni ya shinikizo. Kupima ni kwepesi. Ugomvi uko kwenye msingi.

Tuseme yaliyokaushwa hewani yametoa 26.0 MJ/kg na unyevu wa 4. Gawa kwa 4.1868, unapata kama kilokalori 6,210 kwa kilo, na dalali anatabasamu. Lakini mzigo umefika na unyevu wa jumla wa 10. Basi 26.0 × 90 ÷ 96 ni 24.4 MJ/kg, yaani karibu kilokalori 5,820. Kilokalori 390 zimepotea kwa kubadili msingi tu. Na hapo bado hujatoka kwenye joto la jumla kwenda joto halisi, lile linalotoa hesabu ya mvuke wa maji unaopotelea kwenye bomba la moshi. Mikataba mingi ya makaa ya kuchoma huuzwa kwa hilo la mwisho, kama yalivyofika.

Salfa chini ya asilimia 1 haisumbui wengi. Ikipanda, uliza ni ya pairiti au ya ndani ya mmea: ya pairiti huweza kupunguzwa kwa kuosha, ya pili haitoki.

## Hatua ya 7: Ukomavu kwa darubini

Hapa ndipo ukomavu unapojulikana kwa kweli. Makaa yana familia tatu za chembe, ziitwazo maserali: vitriniti (miti na magome), liptiniti (nta, utomvu, chavua, mwani), na inertiniti (vilivyoungua au kuoza vikiwa bado kinamasini). Vitriniti ikizidi kupikwa huakisi mwanga zaidi, kwa utaratibu usiorudi nyuma.

Punje huzamishwa kwenye gundi ya epoksi, husuguliwa hadi ziwe kama kioo, hutiwa tone la mafuta maalumu, na mwanga wa kijani wa nanomita 546 hupimwa ukirudi. Mpimaji husawazisha darubini kwa vito vya namba inayojulikana.

Maabara ikikurudishia namba moja tu, idai mambo matatu: wastani pamoja na mtawanyiko wake, grafu ya vipimo vyote (100 kwa makaa), na asilimia ya maserali kwa kuhesabu nukta 500. Grafu yenye vilima viwili kwa kawaida ina maana mzigo umechanganywa makaa ya ukomavu tofauti. Wauzaji hawapendi grafu hiyo.

Namba hiyo ni uakisi, yaani asilimia ya mwanga unaorudi kutoka kwenye vitriniti. Isome hivi, kwa kukadiria:

- Chini ya 0.4: ligniti
- 0.4 hadi 0.5: kati ya ligniti na bituminasi
- 0.5 hadi 2.0: bituminasi
- Zaidi ya 2.0: antrasiti

Na kwa mafuta: karibu 0.6 ndipo mafuta huanza, 1.3 huishia, kutoka hapo hadi 2.0 ni gesi yenye unyevu wa mafuta, zaidi ya hapo ni gesi kavu.

Sasa turudi kwenye ile 30. Makaa ya Gondwana (bara la kale lililojumuisha Afrika, India na Australia), yakiwemo yanayopakiwa Richards Bay Afrika Kusini, yana inertiniti nyingi, na inertiniti ina gesi kidogo ya kutoa. Kwa hiyo VM hushuka na makaa huonekana makongwe kuliko umri wake wa jikoni. VM ya 30 ingekutuma utarajie uakisi wa 1.0, kumbe darubini inasoma karibu 0.7. Kwa jamii hii ya makaa usiwahi kutaja ukomavu kwa VM peke yake.

Kinyume chake pia hutokea: liptiniti ikiwa nyingi, uakisi wa vitriniti husomeka chini kuliko ukweli.

## Hatua ya 8: Uwezo wa kuzaa mafuta

Kipimo kiitwacho Rock-Eval hupika unga taratibu bila hewa. Karibu 300 °C hutoka mafuta yaliyokwisha tengenezwa (S1). Joto likiendelea kupanda hutoka yale ambayo yangetengenezwa siku za mbele (S2). Joto ambapo S2 inafika kilele huitwa Tmax. Karibu 435 °C ni mwanzo wa mafuta, karibu 470 °C ni mwisho wake.

Mwambie mpimaji kwamba ni makaa. Mwamba wa kawaida hupimwa kwa takriban miligramu 60. Makaa yana kaboni zaidi ya nusu ya uzito wake. Kiasi hicho hukizamisha kisomeo, kilele kinakatwa kichwa na S2 inatoka pungufu. Miligramu 5 hadi 10 zinatosha.

Mfano: kaboni asilimia 65, S1 ni 3, S2 ni 130 (miligramu kwa gramu ya unga), Tmax 436. Majedwali yaliyotungwa kwa mwambatope husema S2 zaidi ya 20 ni "bora sana", na hapo ndipo ripoti nyingi huwekewa alama ya mshangao. Usiyatumie. Gawa S2 kwa kaboni, zidisha kwa 100: 130 ÷ 65 × 100 = 200. Hiyo ndiyo faharasa ya haidrojeni, HI, na ndiyo ya kuamini.

Chini ya 200, makaa ni ya gesi. Kati ya 200 na 300 kuna mafuta, lakini makaa yenyewe huyanywa kwenye vitundu vyake kama sponji, na yanayofanikiwa kutoka ni machache. Zaidi ya 300, pamoja na liptiniti ya asilimia 15 au 20, una jambo la kuzungumza. Mafuta yatokanayo na makaa yapo kweli duniani: Gippsland Australia, Taranaki New Zealand na delta ya Mahakam Indonesia ni mifano inayokubalika.

Thibitisha kwa uchanganuzi wa elementi. Uwiano wa atomu za haidrojeni kwa kaboni ukifika 0.9, unakubaliana na HI nzuri. HI ikiwa kubwa na uwiano ni 0.7, namba moja inasema uongo. Mara nyingi ni sampuli iliyochafuliwa na grisi ya mashine.

## Hatua ya 9: Zikae meza moja

Andika majibu matatu kwenye mistari mitatu, bila "kwa hiyo" katikati. Kwa makaa ya mfano wetu: ubora wa wastani, kilokalori 5,820 za jumla kama yalivyofika, majivu 16 yakikaushwa hewani. Ukomavu 0.7 kwa uakisi, nayo Tmax 436 inakubali. Uwezo: gesi hasa, mafuta kidogo, na kwa kuwa S1 ni 3 tu kati ya 133, karibu chochote hakijatengenezwa bado.

Tmax na uakisi zikipingana, angalia kwanza kama makaa yameoza: oksijeni hupandisha Tmax na kushusha HI. Rudi kwenye kile kikombe cha soda kali.

Juzi mzee mmoja kutoka njia ya Taru aliniletea mfuko wa mawe meusi, akaniuliza, "Mwanangu, hili litawaka?" Nilizamisha moja kwenye bakuli: 2.3. Tanurini likatoa majivu 81. Nikamwambia halitawaka, baba, hata ulilishe petroli. Akaanza kuyakusanya akayatupe. Nikamzuia mkono. Swali la kwanza limekwisha, lakini mwambatope wenye majivu 81 bado una nafasi ya kaboni asilimia kadhaa, na mafuta mengi ya dunia yalizaliwa ndani ya mawe ya namna hiyo, si ndani ya makaa. Vipande viwili viko kwenye bahasha, vinasubiri Rock-Eval. Hivyo vitapimwa kwa miligramu 60.